Lugha Isiyofunga Midomo

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nitunge nchi. Nilikuwa nimejiandaa kusoma matangazo ya vifo, lakini Mkuu wa Vipindi wa redio yetu ndogo hapa Songea, mama mmoja mgeni kutoka Tanga asiyependa maneno mengi, alinikabidhi daftari tupu. Alitaka igizo la watoto la kila Jumamosi, kuhusu watu wa nchi isiyokuwepo.

"Na wasiongee Kiswahili," akasema. "Kiswahili watoto wanakisikia siku nzima."

Ninyi mnaoanza kazi leo mnarekodi kwa simu mkiwa kitandani, kwa hiyo niwaeleze. Kipaza sauti chetu kilikuwa kimoja, na sponji yake ya kuzuia pumzi ilikuwa imelika. Ukitamka p au b, midomo hufunga, pumzi hujaa, kisha huachiwa ghafla. Sauti hizo huitwa vipasuo, na kwetu kila kimoja kilisikika hewani kama mlango uliobamizwa. Fundi Mitambo alinifuata akaniambia kwamba hao watu wangu wakigonganisha midomo, yeye anaacha kazi.

Sikukasirika. Asubuhi ile nilikuwa nimeteremka kutoka mlimani Matogoro, nilikokuwa nikiishi, ndani ya ukungu mzito, mdomo wazi bila kujitambua, nikiinywa ile hewa. Nikaona kumbe watu wanaweza kuishi hivyo. Nchi yao nikaiita Tilane. Ukungu ndio chakula chao, hivyo hawafungi midomo hata wakizungumza. Nikafuta p, b, m, f, v na w. Nikafuta na irabu o na u, kwa kuwa huviringisha midomo. Zikabaki irabu tatu na konsonanti za ulimi na koo. Wakikutana huulizana, "Keta inyali?" yaani ukungu umekupa njia? Jibu ni "Hanile," bado nimo. Inyali ni ule uwazi unaofunguka ghafla kwenye ukungu, ukamwona aliye mbele yako. Nililipenda neno hilo kuliko yote.

Msemaji mkuu wa Kitilane alikuwa Kaka Gervas, msoma taarifa, ambaye sauti yake mtaa wao mzima wa Mfaranyaki uliijua. Mimi nilitunga, yeye akaitia uhai. Tulisalimiana kwa Kitilane hata tukisubiri chai. Mkewe, wifi Filomena, alitucheka waziwazi. Lugha gani, aliuliza, haina neno la ugali na haiwezi hata kutaja jina lake? Alikuwa na haki, maana Filomena ina f, o na m. Gervas alimwahidi jina la Kitilane, kisha akasahau kabisa, kama wanaume wanavyosahau.

Mkuu wa Vipindi aliyefuata alilifuta igizo, akanihamishia Tunduru kuripoti korosho na madini. Nilifanya kazi huko miaka mingi. Siku moja ndani ya basi nilitafuta neno la Kitilane la mvua, sikulipata, nikalia. Nilistaafu, nikarudi Matogoro, nikijiambia kwamba ujana wangu niliupoteza kwenye mchezo.

Kisha Gervas akapata kiharusi. Nilipofika kwao Mfaranyaki, wifi alinieleza mlangoni, kwa sauti ya chini, kwamba tangu atoke hospitali hajasema neno. Midomo haikutani upande mmoja. Alijaribu mara moja kumwita mkewe kwa jina, yakatoka mate, akageukia ukutani. Hospitali walisema ulimi na sauti bado vipo, ila asipovitumia sasa vitazidi kudhoofika.

"Wifi, akiendelea hivi ndiyo nimempoteza," akaniambia. "Atakuwemo humu ndani, lakini nimempoteza."

Niliingia, nikamwamkia shikamoo. Nikamwona anaitafuta marahaba, midomo inahangaika, kisha akafumba macho kwa aibu. Ni m na b zilizomshinda. Nikaketi karibu naye. Niliogopa kumwaibisha zaidi.

"Keta inyali?"

Akafumbua macho. Akaniangalia mdomo hata nikajuta. Ulimi ukasogea.

"Hanile," akasema.

Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ni yake. Nililia bila kujificha. Wifi aliuliza kutoka mlangoni amesema nini, nikamwambia. Akavuta kigoda, akaketi.

"Nifundishe na mimi," akasema.

Sasa kila Jumatano nashuka kutoka Matogoro kwenda kufundisha. Msidhani nimegundua dawa. Gervas hatasoma taarifa tena, na mazoezi ya hospitali anaendelea nayo. Ila tumelazimika kutunga neno la ugali, la dawa na la choo, maneno ambayo watu wa Tilane hawakuwahi kuyahitaji, na yeye hunisahihisha kwa ukali ule ule wa studio. Juma la tatu wifi alisimama dirishani akifungua pazia, akamuuliza kwa Kitilane chake cha kuungaunga: lile jina aliloahidiwa liko wapi?

Gervas alimtazama, akamtazama, hata nikadhani hakuelewa.

"Inyali," akasema.

Wifi hakuniomba nimtafsirie.