Ram ya giga nne na picha ya kaka

Dukani, hapa Kindu, niliomba kompyuta ya bei nafuu ya kutengenezea picha.

"Mama, kamata hii," muuzaji akasema. "Betri yake iko nguvu sana, ram ya kuendeshea kazi iko giga nne."

Nikaijaribu kwa picha ya pekee ya utoto wa kaka yangu, ya wakati wa vita, amevaa nguo za askari, nami nataka kumvalisha shati kabla picha haijaonyeshwa kwenye arusi yake, wakwe zake wasijue. Kompyuta ikakwama! Picha imejaa kioo chote, wateja wanasogea, nachomoa waya, na ile betri kweli haizimi.

Muuzaji akafunga kifuniko taratibu. "Mama, wewe unahitaji giga nane. Na mimi sikuona kitu."

Arusi imepita salama. Nimewaambia ninyi wasomaji tu, musije mukanunua ya giga nne, mwingine simwambii.