Nilivyousugua Mkeka wa Bi Haruko

Ulikuwa mwaka ule ambapo duka la Wakorea hapa ughaibuni, Annandale, lilianza kuuza muhogo wa barafu, nasi tukala muhogo wa nazi asubuhi na jioni mpaka mjukuu wangu Rehema akasema tumbo lake linaota mizizi. Alikuwa na miaka saba. Utoto ninaousimulia ni wake, maana wangu uliishia Pemba zamani, ingawa siku niliyousugua mkeka ulinirudia vibaya. Mwanangu Mwanaidi, mama yake Rehema, alikuwa amepanga vyumba vya chini katika nyumba ya mjane wa Kijapani, Bi Haruko, mwenyewe akikaa juu. Chumba kimoja kilinukia majani makavu, na harufu ile ndiyo iliyonidanganya nikajiona niko kwetu. Kilitandikwa mikeka minene kama magodoro, imebanana ukuta kwa ukuta. Bi Haruko alituonyesha kwa mikono: viatu nje, maji hapana, futa kwa kitambaa kikavu kufuata mlazo wa majani. Nikaitikia kwa kichwa. Moyoni nilicheka. Mkeka usioguswa maji!

Mimi nimezaliwa juu ya mkeka. Mama yangu alinifundisha kusuka ukindu kabla sijajua kujifunga kanga vizuri, na kila Alhamisi tuliiosha mikeka kisimani kwa makumbi ya nazi, tukaianika juu ya ua mpaka inukie jua. Shule sikukaa, lakini mikeka naijua. Sasa karibu na dirisha, kwenye mkeka mmoja wa Bi Haruko, palikuwa na doa la manjano linalong'aa, mviringo kama sinia. Lilinikera kila nilipolitazama. Ijumaa moja, Mwanaidi yuko kazini kwenye nyumba ya wazee, nikajaribu kuukunja nikauoshe nje. Haukunjiki. Nikauvuta, hautikisiki. Nikasema basi, nitauosha papo hapo, nikamwambia Rehema alete beseni na brashi.

"Bibi, no! Yule amesema no maji," akasema. Kiswahili anakisikia, kukisema ndiyo vita.

"Lete maji, mke mwenzangu. Atanifundisha mkeka mimi?"

Nikasugua mpaka majani yakasimama kama nywele za mtu aliyetoka usingizini. Doa likatoka. Wallahi nilijisifu. Kufika alasiri mkeka umevimba, katikati umeinuka kama andazi, na chumba kinanuka banda la mbuzi baada ya mvua. Mwanaidi alipoingia alishika kichwa. "Mama! Tutatolewa hapa. Nitawapeleka wapi?" Hapo nikaogopa. Nikapanda ngazi mwenyewe, nikamshika Bi Haruko mkono nikamleta, Rehema nyuma yetu awe mkalimani.

Alivua ndara mlangoni, akapiga magoti, akapitisha kiganja pale palipokuwa na doa, akarudia tena, kama anayepapasa kitanda. Kisha akasema na mtoto polepole kwa Kiingereza. Rehema akanigeukia. "Bibi, hapo mume wake alikaa. Kila siku. Na chai." Kumbe doa lilikuwa mtu! Nilikuwa nimemsugua marehemu wa watu kwa sabuni ya unga. Mwanaidi akaomba radhi mpaka sauti ikamkauka, akasema atamtafuta fundi, maana alisikia mikeka hii hugeuzwa, upande wa chini ukawa juu, ikawa kama mipya. Nilingoja tufukuzwe. Bi Haruko hakutufukuza. Alitikisa kichwa, na Rehema akatuambia alichosema: "Hapana. Usigeuzwe. Alikaa upande huu."

Leo Rehema anasoma chuo, na sakafu ya chumba chake huko ni ya plastiki. Akimwaga kitu hufuta akasahau. Mama yangu angeukata mkeka ulioharibika akaanikia dagaa, na mimi vivyo hivyo. Lakini Bi Haruko, mgongo umepinda, bado hushuka kila Jumapili na kikombe chake akaketi mkabala na pale, na mimi hadi sasa sielewi. Doa limekwenda, mimi ndiye niliyeliondoa, anatazama nini? Kama ni hasira, mbona hutuletea machungwa? Kama amenisamehe, mbona pale hataki nipaguse hata kwa kitambaa kikavu? Jumapili iliyopita Rehema alikuja kututazama, nikamwambia amuulize tena, kwa adabu, kama fundi aje. Bi Haruko akaweka kikombe chini.

"Hapana. Usigeuzwe. Alikaa upande huu."