Dole Gumba la Bibi kwenye Manati

Nilikata jalada la kitabu cha sala cha ukoo wetu nikatengenezea manati. Nasema hili mapema ili msinione mtakatifu huko mbele. Mpunga wetu wa shamba la Bujonde ulikuwa umeanza kukomaa, ndege wanashuka kama wamealikwa, na ngozi ya manati yangu ilikuwa imechanika. Nikatafuta ngozi laini nyumba nzima. Iliyokuwepo ilikuwa kabatini, imefunika sala.

Kitabu chenyewe kiliandikwa kwa mkono, kwa Kinyakyusa, na baba yake bibi, aliyekuwa mwalimu wa kanisa. Kila sala inaanza na herufi kubwa ya kuchorwa. Ile K ya Kyala, yaani Mungu, imezungukwa na mkungu wa ndizi, na ndani imebandikwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, ndiyo dhahabu. Mzee hakuvuta; aliokota pakiti barabarani. Mwalimu wetu wa historia alipotuonyesha picha za vitabu vya sala vya Ulaya ya kale, vyenye dhahabu halisi, nilinyoosha mkono: "Hata sisi tunacho, mwalimu, ila dhahabu yetu ilivutwa kwanza." Nikatolewa nje.

Mama na dada yake, mama mkubwa anayeishi ng'ambo ya mto Songwe upande wa Malawi, wanakaa nacho kwa zamu, mwaka huku, mwaka kule. Zamu yetu ilikuwa inaisha Jumamosi. Na mama mkubwa alishasema: watoto wa huku wana mikono ya ngedere, kitabu kikiharibika hakirudi tena.

Ijumaa asubuhi mama akakitoa ili akifunge kwenye kitenge. Akafungua jalada, akapitisha kidole kwenye tundu.

"Dole gumba la mama yangu liko wapi?"

Ndipo nikajua. Bibi hakujua kuandika, hivyo alipokirithi kitabu alichovya dole gumba kwenye wino, akaligandamiza upande wa ndani wa ngozi liwe sahihi yake. Bibi hakuacha hata picha moja. Alama ile ndiyo pekee iliyobaki yake, na mimi nilikuwa nimeitumia kurushia ndege mawe wiki nzima.

"Liko mfukoni," nikasema. Mama hakucheka. Nikatoa manati.

Siku hiyo hiyo tukakipeleka kwa fundi viatu wa Kasumulu, naye akakipokea kwa mikono miwili. "Nimeshona viatu vya walevi na mipira ya shule," akasema. "Kitabu cha Mungu ndiyo leo. Nani kafanya hivi?"

"Panya," nikajibu.

"Panya huyo yuko kidato cha ngapi?"

"Cha tatu," akasema mama.

Fundi akafumua nyuzi, akabandua jalada lote. Mgongo wa kitabu ulikuwa mweusi. "Mama, hiki kiliwahi kuungua. Jalada hili si la kwanza."

Mama akainama kutazama. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia.

"Ni dada yangu!" akasema. "Alikitumia kufunikia chungu cha maharage jikoni, tukiwa wadogo. Mama akakivalisha ngozi ya mbuzi, akasema habari ile isitajwe tena. Nilikuwa nimesahau kabisa." Akacheka mpaka akaishika meza ya fundi.

Kipande kikarudi mahali pake kwa mishono midogo midogo, pamoja na matundu mawili niliyopitishia mipira ya manati. Hayo hayakuzibika. Ukifungua jalada, dole la bibi linakutazama. Mama aliweka dole lake juu ya lile la bibi. Kisha akamwomba fundi kopo la dawa nyeusi ya viatu, akanishika mkono, akanichovya dole gumba.

"Weka hapo, pembeni ya bibi yako," akasema. "Dada yangu akiniuliza matundu, nitamuuliza maharage. Na wewe, baba, kesho urudi Bujonde ukawinge ndege kwa mdomo, maana mdomo unao."