Mchuzi Nilioumwaga

Wiki iliyopita nilirudi mji wetu wa Ibra, huku Oman, kuifungua nyumba ya marehemu Bibi, maana tumekubaliana ipangishwe. Jikoni friji lilikuwa limezimwa, mlango wazi, ndani hamna kitu. Nilisimama pale nikashindwa kuondoka. Nivumilie basi, mwenzangu, habari hii sijapata kumweleza mtu.

Nilikuwa na miaka tisa. Bibi alizaliwa Unguja akaja Oman mtu mzima, na jikoni kwake hakuwa akikubali mkono wa mtu. Kisha akaja Dada, mpishi wetu kutoka Ufilipino, ambaye Bibi alimfunza Kiswahili kabla hata hajakijua Kiarabu. Kila Ijumaa Dada alipika kuku wa kwao, adobo, kwa siki, sosi ya soya, kitunguu thomu na pilipili manga. Harufu ya siki ilifika hadi uani. Bibi alijiziba pua kwa kanga akisema, "Leo tunalishwa achari."

Kuku akisha, mchuzi ulibaki, na hapo ndipo walipopatana. Wote wawili walilelewa na wanawake wasiomwaga mchuzi. Jumamosi Dada aliukaangia wali uliolala, pamoja na mayai. Jumapili aliutia kwenye choroko. Bibi naye akaleta yake: akauchemsha na tui la nazi, akaumwagia juu ya muhogo. Dada alicheka mpaka machozi, akasema kwao mama yake hufanya vivyo hivyo. Siku ya pili ya Idi, ambayo huku ni siku ya mishkaki, nyama yetu ililala ndani ya mchuzi huo, na majirani wakauliza tumetia nini. Bibi hakuwaambia.

Halafu Bibi akapata kiharusi. Mkono mmoja ukafa, na chakula kikawa hakina ladha kinywani mwake. Mama alimpikia kila alichokuwa akikipenda, naye akageuza uso. Alichokubali ni wali laini uliotiwa vijiko viwili vya mchuzi wa Dada. "Huu nnausikia," alisema.

Mwezi ule ule Dada akaletewa habari kwamba mama yake anaumwa, ikabidi aende kwao. Alipika siku mbili mfululizo, akajaza mchuzi kwenye makopo saba ya mtindi, akayapanga kwenye friza. Akanishika bega: "Wewe mpe Bibi kidogo kidogo, mpaka mimi nirudi."

Siku chache baadaye mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alitusomesha habari za ulevi. Alisema kinachochachuka kikalevya ni haramu, hata tone moja. Nilitoka chuoni nikiwaza siki tu, ule ukali wake puani. Nyumbani watu walikuwa wakinong'ona kwamba Bibi hana siku nyingi, na sisi tunamlisha haramu! Alasiri, Mama amelala, niliyayeyusha makopo yote chini ya bomba nikayamwaga, huku nikisema astaghfirullah. Wallahi nilidhani namwokoa.

Mama alipojua alikaa sakafuni, hakunipiga. Bibi ndiye aliyeniita kitandani.

"Nani kakwambia siki haramu? Mtume kaila na kaisifu. Si ungeniuliza, mwanangu?"

Nikalia kwa kwikwi. Akataka aletewe wali, mweupe hivyo hivyo, akala vijiko vitano mbele yangu. "Alhamdulillahi, mtamu," alisema. Nilimwona anavyoumeza kwa taabu. Alikuwa anakula ili mimi ninyamaze.

Hakufika Ramadhani. Madaktari walisema ni maradhi, si njaa, nami nimejilazimisha kuwaamini. Siku hizi naishi Nizwa, na sosi za kila namna zimejaa madukani. Watoto wangu huonja na kutupa. Kuku yule nimempika mara nyingi, lakini hakuna wa kubishana naye juu ya sufuria, wala wa kuniambia niongeze tui. Wanawake wale wawili waliondoka na jiko lao.

Dada hakurudi. Alipiga simu siku ya tatu ya matanga, akaomba kusema na mimi. Aliuliza jambo moja tu: Bibi aliumaliza mchuzi?

"Aliumaliza wote," nikamwambia.

Akashusha pumzi. "Alhamdulillahi," akasema, kwa sauti ile ile ya Bibi.