Baba Mm na Albamu ya Pili

Fundi makochi hakuwa bubu. Lisemwe hilo mapema, maana mtaani wapo waliokuwa tayari kula kiapo kwamba ni bubu. Kinywa chake tu ndicho kilichokuwa na kazi nyingine: kilibeba misumari. Ile misumari midogo ya kichwa bapa aliitia kinywani asubuhi, akaisukuma mmoja mmoja kwa ulimi hadi kwenye midomo. Mkono wa kushoto ulivuta kitambaa, wa kulia ukachukua msumari, nyundo ikagonga. Mteja akiuliza kama kochi litakuwa tayari Ijumaa, alijibiwa "Mm." Akiuliza kama kitambaa cha kijani kitapauka, "Mm." Wateja wa siku nyingi walijua kutofautisha Mm ya ndiyo na Mm ya hebu niache nifanye kazi.

Aliyejibiwa hivyo kuliko wote alikuwa binti yake wa pekee. Mama yake alifariki yeye akiwa darasa la pili, na tangu hapo kila alipotoka shule alishinda karakanani, amekaa sakafuni katikati ya vipande vya sponji, akimsimulia baba kila kitu kilichompata. Baba aligonga. Mm. Akagonga tena.

Binti alipokua alinunua gitaa la umeme lililochubuka, akamtafuta dereva wa lori la taka apige ngoma na msusi mmoja apige gitaa la besi, wakaanza kupiga panki. Ni muziki wa mbio na wa kupayuka, ambao wimbo wake huisha kabla hujajua kwamba umeanza. Albamu ya kwanza waliirekodi jikoni kwa msusi, na wimbo uliotia fora uliitwa "Baba Mm". Binti alipayuka malalamiko yake, na kila alipovuta pumzi umati mzima ulimjibu, "Mm!" Mstari mmoja ulimkata baba maini: "Mashine ya pini unayo, misumari ya nini?" Na kweli alikuwa nayo, ile inayofyatua pini kwenye mbao na kumwacha fundi kinywa kitupu. Ilikaa kwenye boksi lake juu ya kabati, haijawahi hata kufunguliwa.

Basi akapata umaarufu ambao hakuuomba. Watoto wakipita karakanani walimsalimia, "Mm!" Mwenye duka la dawa alimhudumia kwa kuguna, kisha akajicheka mwenyewe hadi akashika meza. Fundi alitabasamu na misumari yake, mtu mzima afanye nini? Lakini aliumia, tena sana, na kilichomuuma si kuchekwa. Kilichomuuma ni kwamba hakuona uongo hata mmoja katika wimbo ule.

Ndipo binti akaja karakanani siku moja, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Mm."

"Tunarekodi albamu ya pili. Tulikuwa tunaomba tuje hapa Jumapili, ukiwa umefunga. Hizi sponji zako zinameza mwangwi, mahali pengine tutasikika kama tunaimba bafuni."

"Mm," alijibu baba, na ilikuwa Mm ya ndiyo, tena ya haraka mpaka binti akashangaa.

Hakujua kwamba mzee alikuwa na lake moyoni. Alitaka kusikia kwa masikio yake mwenyewe ni nini kilichobaki kusemwa. Alihofia kwamba albamu ya kwanza ilikuwa salamu tu, na mashtaka yenyewe sasa ndiyo yanakuja. Jumapili ya kwanza waliikuta karakana imegeuzwa: magodoro yamesimamishwa ukutani, blanketi limening'inizwa mlangoni, dirisha limezibwa kwa mgongo wa kochi. Fundi mitambo, kijana mrefu mwenye vipokea sauti shingoni, alipiga makofi kusikiliza mwangwi, asiusikie, akafurahi. Baba akaenda kona yake na stuli isiyo na ubovu wowote, akajifanya anaitengeneza.

Wakaimba juu ya msimamizi wa kiwanda anayewapimia watu muda wa kwenda chooni. Wakaimba juu ya lori la taka linalogoma kuwaka mbele ya watu wenye nguo nzuri. Msusi naye alikuwa na wimbo wa mapenzi, mfupi kama chafya. Kila wimbo ulipoanza baba alishika nyundo asigonge, roho juu, na kila ulipoisha alishusha pumzi. Hakuna aliyemtaja.

Mwanzoni ilimpa raha. Lakini Jumapili zilivyopita na nyimbo kuongezeka, raha ile ikamwishia kifuani. Amenimaliza, akawaza. Hana tena hata la kunilalamikia. Akagundua, na ilimshangaza mwenyewe, kwamba angependa zaidi kutukanwa.

Ukabaki wimbo mmoja. Walipoupiga, binti alipayuka swali moja tu kuanzia mwanzo, "Ulikuwa unanisikia?", halafu katikati gitaa likanyamaza, sauti ikanyamaza, ngoma peke yake ikaendelea.

"Hapa pana shimo," fundi mitambo alisema. "Tupajaze gitaa?"

"Paache," binti alijibu.

Baba akaitema misumari kiganjani. "Mbona hapo kimya?"

Dereva, aliyekuwa bado anagonga taratibu, alikosa ngoma, fimbo ikagonga godoro. Msusi akamgeukia mzee kana kwamba stuli ndiyo iliyosema.

"Hapo ni pako, baba," binti alisema bila kumtazama. "Nakuuliza wimbo mzima, hapo unajibu. Nilitaka kukuomba tangu tuanze. Nikaogopa utaniambia Mm. Kama hutaki, basi, tutapaacha hivihivi, watu watajua ndilo jibu."

Baba akaitazama misumari kiganjani. Angeweza kurudi kwenye stuli yake, hakuna ambaye angemlaumu. Akapiga moyo konde, akaimwaga misumari mezani, akaifuata maikrofoni. Wakapiga tena. Lilipofika lile shimo, akasema, "Nilikuwa nakusikia."

"Mzee, sauti haijafika," fundi mitambo alisema. "Turudie."

Wakarudia. "Nilikuwa nakusikia, mwanangu. Sikujua la kukujibu."

"Ngoma imekufunika, mzee wangu. Huu muziki hauna adabu, payuka tu! Hatuko msibani hapa."

Maskini fundi mitambo, hakujua anachokiomba. Mtu huyu hakuwa amepaza sauti tangu azikwe mkewe. Wakarudia mara ya tatu, na fundi makochi akafumba macho, mishipa ikamtoka shingoni, akapayuka kwa sauti ambayo hata yeye hakujua anayo: "Nilikuwa nakusikia! Kila neno! Sikujua la kukujibu! Mama yako ndiye aliyejua kujibu, mimi sikujua!"

Wimbo ukaenda hadi mwisho bila sauti ya binti, maana hakuimba sehemu iliyobaki. Fundi mitambo akainua kidole gumba. "Imeingia. Mzee, umeua. Hiyo ndiyo yenyewe, tumemaliza albamu."

Dereva akaweka fimbo chini. Msusi akaanza kukunja waya, akijifuta macho kwa bega. Binti alikuwa bado amesimama palepale, gitaa limemning'inia, machozi yanamtoka wala hayafuti.

"Rudia, baba," alisema.

"Dada, imeingia safi," fundi mitambo alisema. "Naiona hapa kwenye mashine."

"Rudia."

Baba akaiacha maikrofoni, akavuka nyaya, akaenda akasimama mbele ya binti yake. Akarudia, polepole, neno kwa neno.