Maboresho Yaliyotugombanisha

Mimi na shemeji yangu, mume wa dada, tulitengeneza maktaba ya programu, yaani msimbo ambao programu nyingine huutumia, inayounganisha lugha mbili za kompyuta, C na Python. Yeye aliandika upande wa C, unaozungumza na mashine zenyewe. Mimi nikaandika upande wa Python, unaoamua na kuwaonyesha watu matokeo. Tuliiweka mtandaoni bure, watu tusiowajua wakaanza kuitumia. Lakini mtumiaji wetu wa karibu alikuwa dada. Yeye na akina mama wenzake wana chumba cha baridi pale Mtawanya, wanahifadhi pweza na kamba, na programu ya kuwasha na kuzima kompresa, mashine inayopoza chumba hicho, ilitegemea maktaba yetu.

Mwaka ule tulipanga maboresho mawili, tukashindwa kukubaliana lipi litangulie. La kwanza lilihusu kusubiri. Python ikiuliza joto, ilisimama kungoja C ijibu, na kipima joto kikichelewa skrini nzima iliganda. Shemeji alitaka Python iulize kisha iendelee na kazi zake, jibu lije lenyewe. La pili lilihusu hitilafu. Jambo likiharibika upande wa C, upande wangu ulipokea namba tu, hasi moja, bila maelezo, na ilikuwa rahisi kuipuuza. Mimi nilitaka hitilafu ivuke na maelezo yake, na programu ilazimike kuisikiliza.

"Watu wanalalamika skrini inaganda," shemeji alisema jioni moja nyumbani kwao, "wewe unataka kupamba maneno ya makosa."

"Ikiganda wanajua imeganda, shem. Ikidanganya watajuaje?"

Akavuta sahani yake. Shemeji ni mtu wa Mahurunga, ambako babu zake walifikia walipovuka kutoka Msumbiji, na akikasirika hapandishi sauti. Ananyamaza tu. Dada alitutazama mmoja mmoja, akasogeza bakuli la mchuzi katikati yetu.

Siku chache baadaye, mchana, dada akanipigia simu nikiwa Chikongola kwenye duka ninalotengeneza kompyuta.

"Mdogo wangu, skrini inasema baridi iko sawa. Lakini sakafuni kuna maji."

"Maji ya nini?"

"Ya barafu! Njoo!"

Nilipanda bodaboda huku nampigia shemeji. Hakupatikana. Asubuhi hiyo alikuwa amekwenda Mahurunga kumsaidia mama yake kuvuna mpunga, na kule simu hurukia mtandao wa Msumbiji bila kukuuliza. Nilipiga tena na tena.

Mlangoni niliwakuta akina mama watatu wamesimama na dada, kanga zimefungwa viunoni. Hakuna aliyenisalimia. Skrini iliandika nyuzi hasi kumi na nane, rangi ya kijani. Nikaingia ndani, nikashika kreti ya mbele. Pweza walikuwa wamelainika. Kompresa ilikuwa kimya.

Nilifungua kompyuta na kuangalia toleo la maktaba. Halikuwa lile ninalolijua. Shemeji alikuwa ameweka lake jipya, lile lisilosubiri, bila kuniambia. Waya wa kipima joto ulikuwa umelegea, C ikawa inarudisha hasi moja kila ikiulizwa, na Python, kwa kuwa haisubiri tena, ikaendelea kuonyesha jibu la mwisho ililowahi kupata. Kwa akili yake, chumba kilikuwa baridi, kompresa ya nini?

"Ni nini?" dada akauliza.

Nilitazama wale akina mama. Nikisema, nimemvua mume wake nguo mbele za watu.

"Waya umelegea," nikasema. Huo haukuwa uongo. Nikawasha kompresa kwa swichi ya ukutani, nikakaza waya, nikarudisha toleo la zamani. Mashine ilipoanza kunguruma mmoja wa akina mama alikaa chini palepale kwenye maji. Kamba wa nyuma walikuwa bado wagumu kama mawe. Pweza wa mbele waliwapeleka sokoni saa ileile, kabla hawajaharibika.

Shemeji alifika alasiri, baada ya simu yangu kumpata hatimaye, makapi ya mpunga yamemganda shingoni. Dada alikuwa anasukuma maji kwa ufagio. Nikamvuta pembeni.

"Umeondoa toleo langu," akasema. Alikuwa ameshaiona skrini.

"Nimeondoa. Ungeniambia, shem."

"Ningekuambia ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo."

Ufagio ukasimama. Dada alikuwa amesikia yote. Alimtazama mumewe, kisha akanitazama mimi.

"Kumbe si waya," akasema. "Nyinyi wawili mmegombania hapa, ndani ya mali zetu."

Akarudi kusukuma maji. Shemeji alichukua ufagio wa pili akaanza kumsaidia. Dada akamgeuzia mgongo.

Kwa wiki kadhaa shemeji hakunipigia. Nilidhani maktaba imekufa. Halafu kipupwe kikiwa kimeanza, nikapokea kazi kutoka kwake bila salamu: sehemu ya hitilafu, upande wa C, imeandikwa yote. Nilisoma mstari kwa mstari nikitafuta kosa, nusu nikitamani nilipate. Nilipata moja dogo. Nikamwandikia. Akalirekebisha, akajibu neno moja: "Sawa."

Nikamaliza upande wangu wa Python, tukajaribu kulekule Mtawanya, akina mama wakiangalia. Safari hii tuliwaambia mapema na kreti zote zilikuwa zimehamishwa. Shemeji akachomoa waya wa kipima joto. Skrini ikageuka nyekundu, ikaandika: "Kipima joto hakijibu. Tumia swichi ya ukutani." King'ora kikalia mpaka mama mmoja akaziba masikio.

"Kimesikika," dada akasema. "Kizimeni basi."

Shemeji akacheka kidogo, nami nikacheka. Lile boresho la kusubiri bado halijaingia kwenye maktaba. Juzi alinitumia rasimu yake, akiniomba niisome kabla hajaigusa mashine yoyote, na mpaka leo sijamaliza.