Halua ya Safari ya Hekaluni

Juzi, kwa jirani yangu Mhindu, nilinusa samli na iliki nikakasirika upya.

Utotoni mwangu mama alikuwa mpishi wa Mama Nisha, hapa Mwanza. Mchana ule familia ile ilikuwa inafunga mizigo ya kwenda kuhiji kwenye hekalu la mbali, na mama alikoroga halua ya sadaka. Akaionja, kama mpishi yeyote.

"Umeionja?" Mama Nisha aliuliza.

"Sukari imekolea, Mama Nisha," mama alijibu.

Halua yote ikamwagwa jalalani, korongo wakaigombania.

Nilidhani mdomo wa mama ulikuwa mchafu. Sasa najua: kwa Wahindu, chakula cha Mungu hakionjwi kabla ya kutolewa, hata Mama Nisha mwenyewe asingethubutu. Neno moja lingetosha, na hakuna aliyejisumbua kulisema. Mpaka anakufa, mama alisukutua mdomo kabla ya kushika mwiko.